Jina la Ndani ya Bangili

Mwaka 2013 nilikuwa mwalimu mpya Kasulu, na mshahara ulikuwa umenivimbisha kichwa kidogo. Nilitaka kumpa mama zawadi ambayo jirani yeyote kule kwetu Kitahana angeiona akajua ina mwenyewe. Vitenge kila mtu alikuwa navyo. Nikaamua kununua bangili ya fedha, ichorwe jina.

Sonara wa mjini alikuwa mzee wa Kiislamu aliyetokea pwani, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alichora kwa mkono, polepole, na duka lake lilinukia mkaa na ubani. Mpaka leo nikisikia harufu ya ubani natamani nirudi kwenye lile benchi lake. Nilimwandikia kwenye karatasi "Mama" na jina langu, kwa kuwa ndivyo kijiji kizima kilivyomwita.

"Mwalimu, wewe ndiye kifungua mimba?" akauliza.

"Mzee wangu, wewe chora tu."

"Usikasirike. Mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na mimi nikishachora, sifuti."

Nilikasirika hasa, kwa sababu alikuwa amegusa penyewe. Kabla yangu alizaliwa msichana, akafa hata hajaanza kutembea. Nilijua hilo tu, tena kwa minong'ono ya shangazi. Nilipozaliwa, watu wakaanza kumwita mama kwa jina langu ili wasimtoneshe kidonda, na yule wa kwanza hakutajwa tena nyumbani kwetu.

"Mimi ndiye wa kwanza," nikamjibu sonara, nikamwachia kazi, nikatoka.

Likizo ya Desemba nilipanda basi la Kibondo, nikafika nyumbani mwekundu kwa vumbi tangu nywele mpaka viatu. Mama alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, kwa hiyo alipitisha kidole kwenye bangili, herufi moja moja. Nilisubiri vigelegele. Akasema, "Warakoze, mwanangu," shukrani yetu ya Kiha ambayo hata mgeni hupewa, kisha akaifunga kwenye leso na kuiweka sandukuni.

Jumapili alikwenda kanisani bila bangili. Nilinuna siku tatu, mtu mzima mimi, mwalimu wa watu. Siku ya nne tulikuwa uani tunapukuchua maharage, uvumilivu ukanishinda. Nikamuuliza kama bangili ilikuwa mbaya.

"Nzuri sana," akasema. "Ila nikiivaa ilivyo, nitakuwa nimemkana mwenzio. Yeye ndiye aliyenifanya niitwe mama."

Aliendelea kupukuchua. Mimi mikono ilikuwa imesimama. Miaka yote ile nilikuwa nimejivunia kuitwa kwake kwa jina langu, na kila alipoitika, kumbe alikuwa akimeza kitu. Niliona aibu, na chini ya aibu hiyo, nakiri, nilimwonea wivu mtoto aliyekwisha kufa.

"Aliitwa nani?" nikauliza.

Mama aligeuka akatazama mlangoni, kama anayehofia kusikika. Kisha akalitaja. Lilikuwa jina la Kiha, la kwake peke yake, maana kwetu kila mtoto hupewa lake. Nilikwenda kuchukua daftari, nikaliandika, nikamsomea.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, machozi yanamtoka, naye hakuyafuta.

Shule zilipofunguliwa nilirudi kwa sonara na bangili na ile karatasi niliyoichana daftarini. Nilijiandaa kusimangwa. Yule mzee alisoma jina, akanitazama juu ya miwani, akauliza tu nilitaka likae wapi.

"Ndani," nikasema. "Upande unaogusa ngozi."

Tangu hapo mama haivui shambani wala jikoni. Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia, nikakuta mkono umemvimba kidogo, ikabidi tuivue kwa sabuni. Jembe na masufuria yamelisugua jina langu mpaka limefutika, limebaki "Mama" kwa mbali. La dada yangu linasomeka lote. Nilimwambia nitaipeleka mjini walichore langu upya.

"Ya nini?" mama akasema, akinyoosha mkono nimvalishe. "Wewe si upo?"