Nyongo na Mlenda

Fundi aliyejalidi vitabu pale Shinyanga, miaka ya sabini, alianzia kazi yake buchani. "Shikamoo, mzee wa nyongo!" wauza nyama walimtania, naye aliitikia marahaba huku akipokea nyongo ya ng'ombe kwa mikono miwili. Aliichanganya na rangi, akaidondosha juu ya maji mazito ya mlenda, akaivuta kwa mwiba. Kisha alilaza juu yake karatasi ya kubandika ndani ya jalada, pumzi ameibana, na ilipoinuka ilikuwa na mawimbi ambayo sijayaona tena popote. Siku hizi wanabandika plastiki, wanajiita mafundi.

Siku moja Mama Kalisti alileta Biblia ya marehemu mumewe. Mchwa walikuwa wamekula nusu ya karatasi ya mawimbi ndani ya jalada, ile ambayo marehemu aliipapasa kila asubuhi kabla ya kusoma. "Nirudishie hiyohiyo, fundi." "Maji hayachori mara mbili, mama." Hata hivyo alijaribu, akatupa karatasi kumi na tisa. Ya ishirini aliiunga na nusu iliyobaki. Mama alipitisha kidole, akarudia. "Ya Baba Kalisti ni ipi?" Fundi alisogeza kitabu dirishani, akakitazama sana. "Hata mimi imenipotea."