Nati Iliyokazwa Kabla ya Jua

Boti ile ilikuwa inalala Sumbawanga. Kila nikilisema hili kwa mtu wa kwingine ananitazama kama nimelewa: boti inalalaje mjini, juu huku kwenye baridi, wakati ziwa liko chini kule Kasanga, zaidi ya kilometa mia? Ilikuwa boti ya mradi, na mradi ulikuwa na utaratibu kwamba mali zake zilale kwenye uwanja wa ofisi, na ofisi ilikuwa Sumbawanga. Basi. Ilipohitajika ilishushwa kwa tela hadi ziwani, ikafanya kazi siku mbili tatu, ikapandishwa tena ikalale. Iliwasaidia nini wavuvi sijui, ila sisi nyumbani ilitulisha.

Tela la boti ni mgonjwa wa kudumu. Linarudishwa kinyumenyume majini ili boti ielee, na magurudumu yanazama. Habu, kile kitovu cha gurudumu, ikiwa bado ya moto kwa safari ndefu, inapopoa ghafla inavuta maji ndani. Maji yakikutana na grisi, grisi inageuka uji mweupe, na zile beringi mbili zilizomo ndani ya kila gurudumu, ambazo ndizo zinazolifanya lizunguke kwenye ekseli, zinaanza kuliwa na kutu. Ndiyo maana tela lile lilikuwa halimalizi miezi mitatu bila kuletwa mtaa wa Majengo, kwenye karakana ya baba.

Nasema ya baba, lakini kazi zote nilikuwa nafanya mimi. Baba alipigwa kiharusi, upande wa kulia ukafa, maneno yakawa yanatoka moja moja. Kaka zangu wawili, mmoja Tunduma na mwingine Dar es Salaam, walikuja, wakalia, wakaniambia nina moyo, wakapanda basi. Shangazi akanikumbusha kwamba ng'ombe hashindwi na nundu yake. Ni kweli, ila sijawahi kuona mtu aliyemuuliza ng'ombe. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilipokuja kushtuka nina thelathini na minne, mikono inanuka mafuta ya taa hata kanisani, na dunia yangu inaanzia lango la karakana na kuishia sokoni. Kuna mwanamume wa Matai alileta posa; akanisubiri mwaka mzima nimweke mzee sawa, akachoka, akaoa kwingine. Sikumlaumu. Nilimlaumu baba, kimoyomoyo, kila siku, huku nikimkata kucha.

Baba alikuwa na mambo mawili ambayo hakukubali yavunjwe. La kwanza: hakuna gurudumu linalotoka pale bila kupita mkononi mwake. Hata baada ya kuugua nilimsogeza na kiti chake hadi kwenye tela likiwa bado juu ya jeki, akalishika tairi kwa mkono wa kushoto uliobaki mzima, akafumba macho, akalitikisa, akalizungusha, kisha akasema "sawa" au "rudia". Akisema rudia unarudia, hata kama umeshafunga kila kitu na mwenye gari anapiga honi.

La pili ni la huku kwetu, sidhani kama fundi wa Dar analijua. Nati ya beringi haikazwi kabla jua halijafika sakafuni. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba huku juu baridi inakata masikio, na grisi inaganda kama ugali uliolala. Ukifunga gurudumu saa hiyo linakuwa zito kuzunguka, unadhani umekaza mno, unalegeza nati kidogo. Bado zito, unalegeza tena. Linazunguka vizuri, unafurahi. Kumbe uliyekuwa unapambana naye ni baridi. Tela likishuka kwenye joto grisi inalainika, gurudumu linabaki linacheza kwenye ekseli, na beringi zinagongana hadi zinavunjika. Karibu kila fundi wa huku Ufipa ameshafanya kosa hilo mara moja. Baba alilifanya ujanani, na alinisimulia habari zake mara nyingi kuliko alivyonisimulia habari za mama.

Mwaka ule, katikati ya baridi, nilipata kazi Mbeya, kwenye kampuni inayotengeneza matela. Barua yenyewe ilikuja kwa simu. Niliisoma hadi nikaikariri. Nianze Jumatatu. Safari hii sikumwachia mtu mwanya wa kunikumbusha habari za ng'ombe: mtoto wa shangazi, mjane mtulivu, alikubali kuja kuishi na baba, na alikuwa ameshahamia na mabegi yake. Karakana ingefungwa. Nilipomweleza baba, aliitazama mikono yake muda mrefu, akasema, "Sawa, mama." Nikakata tiketi ya basi la Jumapili alfajiri.

Ijumaa mchana dereva wa mradi akaleta tela. Gurudumu la kushoto lilikuwa linalia.

"Dada, usiniangushe," akasema. "Kesho asubuhi na mapema nashuka Kasanga. Kuna wageni wanataka kuipanda boti."

Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho na nitaifanya vizuri. Nikatoa magurudumu yote mawili, nikang'oa beringi za zamani, nikaziosha kwa mafuta ya taa ili tu nizione: zilikuwa zimechimbika vishimo, nyingine zimegeuka bluu kwa moto. Nikagonga vikombe vipya vya beringi mahali pake taratibu, huku na huku, hadi sauti ya nyundo ilipobadilika ikaniambia vimekaa. Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda. Nisingependa kukiri, lakini naipenda.

Jumamosi saa kumi na mbili nilikuwa karakanani. Nikaweka grisi kiganjani nikaishindilia kwenye beringi hadi ikajitokeza upande wa pili. Ilikuwa ngumu, vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Nikaingiza beringi, nikagonga sili mpya ya kuzuia maji, nikapandisha habu, nikakaza nati huku nazungusha gurudumu. Likawa zito. Nikalegeza. Bado zito. Nikalegeza tena. Kanuni niliijua, siwezi kujitetea. Lakini kichwa changu kilikuwa kimeshapanda basi: nilikuwa nawaza nibebe sweta gani, na dereva alikuwa anapiga mluzi langoni. Nikajiambia mambo ya kungoja jua ni ya wazee.

Baba alikuwa ameshaketi, amejifunika blanketi. Jua lilikuwa halijagusa hata bati la paa. Nikamsogeza kwenye tela. Akashika tairi la kushoto, akafumba macho, akatikisa. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Baba?"

"Sawa," akasema.

Nikamsogeza upande wa pili. Akalishika la kulia. "Sawa."

Nikapiga pini kwenye nati, nikafunga vifuniko. Dereva akaondoka na mimi nikaenda kufua.

Saa tano akapiga simu. Alikuwa ameshapita Matai, ameanza mteremko wa kwenda ziwani. "Dada, tairi la kushoto linayumba kama linataka kutoka. Nimesimama. Nimegusa habu, imeniunguza."

Nikakaa chini pale pale sakafuni mwa karakana, ambapo sasa palikuwa na jua. Nililijua kosa langu kabla hajamaliza kusema. Nikachukua spana, jeki ndogo na kopo la grisi, nikapata lifti ya lori la mahindi hadi Matai na bodaboda kutoka pale.

Beringi ya nje ilikuwa imesagika, vipande vimechanganyika na grisi nyeusi. Beringi nyingine ya saizi ile haikuwepo Matai. Ilibidi mtoto wa shangazi aende dukani Majengo, ainunue, aitume na gari la kesho yake asubuhi. Gurudumu la kulia nilikaza nati upya, hilo halikuwa limeharibika. Dereva akafungua tela, akaenda na gari kuwapokea wageni wake na kuwaomba radhi, akaniacha nilinde boti.

Sikuwa na pa kukaa, nikapanda ndani ya boti. Nilikaa mle tangu saa nane hadi jioni, juu ya mlima, kando ya lami, nimevaa ovaroli. Ziwa nililiona kwa chini, liko palepale halinijali. Magari yakipita watu walichungulia na kucheka. Mzee mmoja mfugaji, wa hawa waliohamia kutoka Usukuma, akasimamisha ng'ombe wake akanitazama.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Hii boti mnaenda kulimia?"

"Imechoka, mzee. Inapumzika."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Akacheka, akawaswaga ng'ombe wake. Mimi nikaanza kulia, kilio cha hasira, kile cha kuuma meno. Nilikuwa nimebakiza siku moja tu. Miaka saba nilifunga mamia ya nati, na ile ya mwisho ndiyo niliyoikosea. Nilihisi kama kuna mkono umenishika gauni kwa nyuma kila ninapotaka kutoka mlangoni.

Jioni dereva alirudi kulinda, mimi nikalala kwa dada yake Matai. Basi la Mbeya liliondoka Sumbawanga alfajiri bila mimi. Beringi ikafika saa nne. Nikasugua ekseli kwa msasa, nikaosha habu, nikafunga kila kitu upya jua likiwa linawaka mgongoni. Hapakuwa na wa kuniambia sawa wala rudia. Nikalitikisa gurudumu mwenyewe, nikalizungusha, nikamwambia dereva ashuke ziwani. Nashukuru Mungu hakuna aliyeumia.

Nilifika nyumbani alasiri. Mtoto wa shangazi alinipokea mlangoni akaninong'oneza, "Mzee hajala tangu jana. Na leo katekista alipomletea komunyo, ameikataa. Amefumba mdomo kabisa."

Tangu augue, baba hakuwahi kukosa komunyo ya Jumapili hata moja. Nilisimama pale kibarazani na mfuko wa spana begani, nikaanza kuirudia kichwani asubuhi ile ya Jumamosi. Alikuwa ameketi pale wakati nafunga nati. Aliiona sakafu haina jua. Aliniona nikilegeza mara mbili.

Nikaingia. Sikumwamkia. "Baba, uliposhika lile gurudumu la kushoto, ulisikia linacheza?"

Akatazama dirishani.

"Nilisikia," akasema.

"Sasa mbona ulisema sawa?"

Maneno yake yanakuja kwa taabu, unaweza kuchemsha chai kabla hajamaliza sentensi moja. "Nilijua... litasumbua hapa hapa. Karibu. Watarudi. Utachelewa basi." Akapumzika. "Sikujua litafika mbali."

"Watu wangekufa, baba!"

"Nimekosa, mama," akasema, na machozi yakamshuka upande mmoja tu, ule mzima.

Mzazi wangu hakuwahi kuniomba msamaha. Sikujua nifanye nini nao. Nilimkasirikia hadi nikaogopa mikono yangu, nikatoka, nikaenda kukaa karakanani, nikapanga spana ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nilipita na hasira ile hadi nikalala nayo. Tena, nitasema ukweli, ilikuwa tamu. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na ushahidi.

Asubuhi alinikuta jikoni, mtoto wa shangazi akimsukuma kwenye kiti. Akaniambia neno moja: "Nenda." Akaonyesha mfuko wangu wa safari kwa mkono wa kushoto. "Leo. Piga simu."

Nikatoka nje ya lango kupiga. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Yule bwana wa Mbeya alisikiliza habari ya beringi na mteremko hadi mwisho, akacheka. "Hilo limetukuta sote, fundi. Njoo hata Jumatano. Tunakusubiri."

Bodaboda zilikuwa zinapita, mama mmoja anamwaga maji ya kuoshea vyombo. Hakuna aliyenishika gauni. Baba amekubali, mtu wa kumtunza yupo, kazi ipo, barabara ipo. Lakini niliuona mji nisikomjua mtu, mafundi wa kiume wakisimama kunitazama nikishika nyundo, chumba cha kupanga, na mimi ndani yake peke yangu bila mtu wa kumlaumu. Niliogopa. Hakuna neno lingine la kuliweka hapo.

"Samahani," nikasikia nasema. "Nina mgonjwa. Sitaweza kuja."

Akanipa pole, akakata.

Nilirudi ndani. Baba alikuwa ananitazama, mfuko wangu ameuweka mapajani, mkono umeshika kishikio chake. Ningeweza kumwambia ukweli. Ulikuwa sentensi moja tu.

"Wamempa mtu mwingine," nikasema. "Wamesema nilichelewa."

Akafumba macho. Mtoto wa shangazi akanichukulia mfuko, akaurudisha chumbani, na mchana likaja trekta lenye habu iliyopasuka, nikavaa ovaroli.

Sasa ni miaka minne. Boti ya mradi iliuzwa, lakini matela mengine yapo, na baba bado anashika kila gurudumu kabla halijatoka. Siku hizi anasema rudia mara nyingi zaidi kuliko sawa. Kabla ya Pasaka na kabla ya Noeli padre huja kuwaungamisha wagonjwa wa mtaa wetu. Natoka uani kwa adabu, lakini sauti ya baba siku hizi ni kubwa kama ya kiziwi, na ukuta wetu ni mwembamba. Kila mara anaanza na dhambi ileile, ya kumfungia binti yake njia. Padre ameshamwambia imesamehewa zamani. Mimi nasimama pale uani nasubiri amalize, halafu padre anatoka, ananiuliza kama na mimi ningependa kuungama, na ninamwambia siku nyingine.