Kadi ya Picha za Ukoo

Tulikuwapo mimi, mjukuu wangu Zuhura, wifi yangu Somoe wa Nanganga na mumewe Hamisi wa Kilimarondo. Zuhura alitaka kutuonyesha programu ya ukoo aliyoitengeneza kwenye simu yake. Majina aliyaweka ndani ya programu. Picha, kwa kuwa ni nzito, aliziacha kwenye kadi ya kumbukumbu, programu ikumbuke tu zilipo.

Akafungua. Majina yakaja, nyuso hakuna.

"Nani kachomoa kadi?"

Mie nilidhani picha zimeshaingia humo na majina yao. Nikashika kibindo. Somoe akaitoa humo simu yangu, kadi ya Zuhura imo ndani: marehemu mume wangu Saidi anacheka kwenye kioo.

"Wifi, umemwiba kaka yangu!"

"Nilitaka alale karibu nami."

Kama nimekosea jina la mtu hapo, nisahihisheni. La Saidi sijakosea.