Swichi ya Jikoni Ndani ya Kinanda

Kuna watu hapa Mitunguu ambao mpaka leo wakikutana na mimi wanaangalia miguu yangu kwanza ndipo wanipe mkono, na siwezi kuwalaumu, kwa sababu aibu hiyo niliitafuta mwenyewe, nikaiunganisha na spika za kukodisha, nikaipiga mbele ya watu wote waliokuja kumzika Mwalimu Mugambi.

Mwalimu Mugambi ndiye alinifundisha kupiga kinanda. Alikuwa akipiga kile cha zamani cha umeme cha kanisa letu, kikubwa cha mbao kama kabati la vyombo, na kile kinanda kilikuwa na tabia yake: ukigusa kibonye, kabla noti haijatoka vizuri, unasikia “tak” ndogo, kama mtu amevunja kijiti. (Fundi mmoja alituambia ni vyuma vya ndani vinagusana, na ati hata waliokitengeneza waliona huo ni ubovu, wakajaribu kuuondoa wakashindwa.) Sisi tuliuzoea, kwaya ilikuwa inaingia kwa hiyo tak, na siku kinanda kilipokufa kabisa kanisa likanunua kibodi ya kisasa, sauti safi kama maji ya chupa, Mwalimu akaisikiliza Jumapili moja tu, akasema inaimba kama mtu asiye na meno, akaniachia mimi kiti.

Alipofariki, mke wake, ambaye sisi wote tunamwita Mama Mwalimu, aliniita kando pale kwao, mbali kidogo na wale waliokuwa wakipanga viti.

“Mutwiri,” akaniambia, “ule wimbo wake wa mwisho wa ibada, unaweza kuupiga na ile tak yake? Hata mara moja tu.”

Mtu mwenye akili angesema atajaribu. Mimi nilisema, “Hiyo ni kazi ndogo, Mama.”

Haikuwa ndogo. Kibodi yetu ina mahali pa kuchomeka maikrofoni, unarekodi sauti yoyote unayotaka, halafu unailaza juu ya ile ya kinanda, ukibonyeza zinatoka pamoja. Nikarekodi kalamu ya kubonyeza, ikasikika kama kalamu. Nikarekodi mwiko ukigonga sufuria, wimbo wote ukawa jikoni ya shule ya bweni. Nikarekodi ulimi wangu (hayo ya ulimi tuyaache). Siku ya kuamkia mazishi, mchana, nikatoka kufungulia migomba maji, nikaingia jikoni na matope mpaka magotini, nikawasha taa nione pa kuweka jembe, na swichi yetu, ile nyeusi ngumu ya zamani, ikasema tak.

Nikazima. Tak. Nikawasha tena. Alikuwa Mwalimu mwenyewe.

Basi nikaleta kibodi juu ya meza ya jikoni, nikabonyeza pa kurekodi, nikashika maikrofoni kwa mkono mmoja na swichi kwa mwingine, tak ikaingia safi kabisa, ila sasa mkono wa kuzima kurekodi sikuwa nao, na papo hapo mke wangu, Kathure, akatokea mlangoni na mzigo wa majani ya ng'ombe, akaangalia sakafu yake, akasema aliyosema, na mimi nikamjibu niliyomjibu, na mashine ikajaa ikajifunga yenyewe.

Nikaijaribu na mapambio, yale ya haraka, tak tak tak, na machozi yakanilengalenga. Ukiinua kidole sauti inakatika, kwa hivyo nilisikia tak peke yake, na yale mengine yote yalibaki ndani yakingoja. Noti ndefu sikushika hata moja. Niliona hakuna haja. Nikaenda kunawa.

Siku yenyewe watu walijaa. Hema zilikuwa zimefungwa pale kwa Mwalimu, katikati ya migomba, jenereta ikinguruma nyuma ya choo, na spika zilielekezwa pande zote ili hata walio ng'ambo ya mto wasikose mahubiri. Kathure alikuwa amekaa na kina mama wa kanisa, kitambaa kichwani, ameshika kitabu cha nyimbo. Tukaanza na mapambio, na ile tak ilipotoka nikaona wazee wakiinua vichwa. Mzee M'Arimi, ambaye ameimba besi tangu zamani na masikio yake yamepungua sana, alinionyesha kidole gumba. Mama Mwalimu alifumba macho. Nikajiona mtu mkubwa, nikaanza hata kutikisa mabega, kwa mazishi ya watu.

Kisha ukaja wimbo wake. Beti zikaenda vizuri, kwa sababu vidole vilikuwa vinahama hama. Lakini Mwalimu alikuwa na mtindo: Amen ya mwisho aliishika mpaka pumzi za watu ziishe, na mimi kwa kumheshimu nikaishika vivyo hivyo, vidole vinne, na mguu juu ya pedali ile ya kuzuia sauti isikatike. Kwaya ikaishiwa pumzi. Kinanda kikabaki peke yake.

Sasa, sauti uliyorekodi ukiipeleka kwa vibonye vya juu inakimbia, na ukiipeleka chini inajikokota. Kwa hivyo ya kwanza kufika ilikuwa ndogo na kali, kama kifaranga.

“Mutwiri, hiyo miguu umeosha?”

Ikafuata sauti ya Kathure kamili, kama amesimama pale na majani yake. “Mutwiri, hiyo miguu umeosha?” Ikafuata nzito kidogo, kama ya kaka yake. Na ya mwisho ilitoka chini kabisa, polepole, kama ng'ombe dume anayeongea akiwa ndani ya kisima, na kabla haijamaliza kuuliza, ile ya kifaranga ilikuwa imeshaendelea mbele.

“Kesho utaenda kuzika Mwalimu na hizo kucha?”

Niliinua mikono yote miwili juu. Mguu haukuinuka, uliganda kwenye pedali, kwa hivyo watu waliona kinanda kinaongea na hakuna mtu amekigusa, na mama mmoja pale mbele akaanza kukemea kwa jina la Yesu. Nikarusha mkono kuzima, nikashika mahali pa kuongeza sauti. Hivyo ng'ambo ya mto walisikia vizuri sana jibu langu, mara nne, kuanzia kwa kifaranga mpaka kwa ng'ombe.

“Nani ataniangalia mimi? Watu watakuwa wanaangalia jeneza.”

Jenereta ikazimwa na mtu mwenye huruma. Kimya kikaingia, na katika kimya hicho Mzee M'Arimi akasema kwa sauti yake yote, “Mimi nimeosha.”

Pasta akakohoa. “Tuinamishe vichwa tuombe,” akasema, na watu wakainamisha vichwa, na macho yote yaliyoinama yakaja kwenye miguu yangu, ambayo siku hiyo ilikuwa kwenye viatu vya wazi. (Nilikuwa nimeosha. Nataka hilo lieleweke. Ni kucha tu sikuzifikia.)

Mama Mwalimu alikuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yakitetemeka, kina mama wawili wamemshika, na mimi nikajua nimemharibia siku ambayo hairudiwi. Baada ya kaburi kufunikwa nilimfuata, nikapiga magoti hapo kwenye udongo.

“Mama, nisamehe.”

Akaniinua. Macho yalikuwa na machozi, lakini mdomo haukuwa wa kulia.

“Tangu aende sijasikia mtu akigombeza bwana yake,” akasema. “Hii nyumba imenyamaza sana, Mutwiri.” Akanikung'uta udongo magotini. “Na ile tak ilikuwa yenyewe.”

Kathure alinigeukia tulipofika kwenye mfereji wetu wa maji.

“Umenirekodi,” akasema, “ukanipeleka kwa mazishi, ukaniimbisha sauti zote nne.”

Nikamwambia ile ya pili ndiyo ilitoka vizuri zaidi. Lilikuwa neno la kubaki nalo moyoni. Jioni hiyo nilijipashia muthere, yale mahindi na maharagwe yetu, mwenyewe, na kijiko nilikitafuta mwenyewe.

Tak nilirekodi upya, Kathure akiwa ameenda soko, mlango nimefunga kwa komeo, na nikaisikiliza mpaka mwisho wa mwisho, hata pale kimya kinapomalizika. Naipiga kila Jumapili na wazee wanaipenda. Lakini tukifika Amen ya mwisho naona kanisa lote limeinamisha sikio, hakuna anayeimba, wanangoja, na mimi nainua vidole mapema kama niliyeshika sufuria ya moto. Kwaya inalalamika kwamba nawaacha na midomo wazi. Wakae hivyo hivyo. Amen ya kushika, mimi sipigi tena.