Herufi Sita za Yusta

Chraa. Ndivyo ilivyolia tiketi ya basi ilipochanwa kutoka kwenye kitabu chake, dirishani pale stendi ya Kibondo, miaka ile Yusta alipokuwa akimsindikiza binti yake Aneth shule ya bweni. Kwake sauti hiyo ndiyo ilikuwa safari. Kabla yake ni mipango tu. Baada yake una karatasi mkononi, jina lako limeandikwa kwa kalamu ya bluu, na hata jirani mwenye kijicho hawezi kusema huendi.

Jumatatu hiyo hakuna kilichochanwa. Yusta alikuwa akikoroga maharage kwenye jiko la shule anakopikia, simu ikatetemeka ndani ya kanga. Ujumbe wa Kiingereza, na katikati yake herufi sita zilizosimama peke yao, hazisomeki kama jina la mtu wala la kitu. Kisha Aneth akapiga kutoka Dar es Salaam.

"Mama, umeipata tiketi?"

"Nimepata meseji."

"Ndiyo tiketi hiyo. Ndege ya Alhamisi mchana, unapandia Kigoma. Hizo herufi sita usizipoteze."

"Na tiketi yenyewe nitaichukua wapi?"

"Mama, ndiyo hiyo!"

Sauti ya binti ilikuwa imechoka. Jumatano angelazwa, Ijumaa asubuhi apasuliwe kuondolewa uvimbe tumboni. "Nikifumbua macho," alisema, "nataka nikuone wewe kwanza." Baada ya neno hilo Yusta hakuuliza tena habari za tiketi.

Ila kuhusu namba zinazokuja kwenye simu, jambo moja alilijua vizuri, kwa sababu Kibondo nzima inalijua. Fundi cherehani Dionis aliwahi kumsomea namba mtu mwenye sauti ya upole aliyempigia simu, na alipomaliza kusoma hakuwa na kitu. Hadi leo simu ikiita Dionis anatoka nje. Kwa hiyo Yusta alizikariri herufi zake huku akikoroga, moja kwa kila mzunguko wa mwiko, mpaka zikamkaa mdomoni kama jina la mtoto. Kisha akaufuta ujumbe. Hakuna mwizi atakayeokota kitu humo.

Jumatano alishuka Kasulu, akalala kwa Zena, rafiki yake wa tangu zamani, mwenye duka la vitenge na kibanda cha kutolea fedha kwa simu. Ukutani Zena amebandika onyo kwa maandishi mekundu: USIMPE MTU YEYOTE NAMBA YAKO YA SIRI.

"Haya shoga, nioneshe hiyo tiketi ya ndege," Zena alisema, akimmiminia chai. "Na mimi niiguse niseme nimegusa."

"Sina."

"Umeisahau Kibondo?"

"Iko kwenye kompyuta."

"Ya nani?"

"Ya wenye ndege."

Zena akaweka birika chini. "Yaani wao wana ndege, na tiketi wanayo wao. Wewe una nini?"

"Nina herufi."

"Ziko wapi?"

Yusta akagusa paji la uso. Zena akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Mama Aneth! Utafika pale na kichwa chako, useme nipandisheni?" Yusta naye akacheka, lakini kicheko chake hakikufika mbali. Hata yeye hakujua atasema nini akifika.

Jioni simu iliita, namba ngeni.

"Habari za jioni, mama. Naongea na Yusta? Nakupigia kutoka shirika la ndege. Kuna mabadiliko kwenye safari yako ya kesho. Naomba unitajie zile herufi sita nithibitishe kuwa ni wewe."

Sauti ilikuwa ya upole. Yusta akamkumbuka Dionis.

"Wewe kijana," alisema, "mama yako anajua kazi unayoifanya?" Akakata. Ikaita tena, Zena akaipokonya na kuizima kabisa.

"Hapo umefanya jambo! Ungezitaja tu, kesho ungemkuta amekaa kwenye kiti chako anakula karanga."

Lakini kitandani Yusta hakutulia. Tapeli amejuaje kuwa anasafiri kesho? Amejuaje kuwa ni herufi, na kuwa ni sita? Alipoiwasha simu ampigie Aneth, ya binti ilikuwa imezimwa; ameshalazwa. Akabaki na kitu asichokielewa kichwani, hajui kama ameulinda mlango au ameufunga mwenyewe akiwa nje.

Alfajiri alikuwa ameshapanda gari la Kigoma. Ndege ilikuwa ya mchana, lakini yeye safari anazijua: ukichelewa unakuta kiti chako kimeuzwa. Asubuhi bado mbichi alifika uwanjani, akasimama mbele ya dada wa kaunta, akakunja magoti kidogo na kupiga makofi laini, kama Waha wa kwao wanavyomwamkia mtu wanayemheshimu. Dada yule akatazama nyuma yake kuona anayeamkiwa ni nani.

"Marahaba... yaani, shikamoo mama," alisema kwa haya, akapokea kitambulisho. Akaandika, akatazama kioo, uso ukabadilika. "Mama, ndege ya mchana imefutwa. Inayoondoka ni hii ya sasa hivi. Jana tulikupigia."

"Alikuwa mwenzenu yule?"

"Akasema umemuuliza habari za mama yake."

Yusta akatazama sakafu.

"Hukuthibitisha, ndiyo maana umewekwa ya Jumamosi. Nafasi moja ipo, naweza kuwaomba Dar wakurudishe leo." Alikuwa ameshaweka simu sikioni. "Wanataka uzitaje mwenyewe herufi zako sita, mama. Zisome kwenye ujumbe."

"Nimeufuta."

"Mama! Umefuta tiketi?"

Nyuma yake mwanamume mwenye begi la magurudumu akaguna. Jumamosi. Aneth angefumbua macho Ijumaa na kuona dari. Yusta alimtazama dada wa kaunta, simu iliyokuwa sikioni mwake, mtu asiyeonekana upande wa pili. Hivi hasa ndivyo Dionis alivyoibiwa: haraka, heshima, na kitu unachokipenda kikiwa mbali.

"Waambie wasubiri kidogo," alisema.

Akageuka kumkazia macho mwenye begi mpaka akarudi hatua mbili. Kisha akainama juu ya kaunta, akakinga mdomo kwa kanga, akaisogeza midomo yake karibu na sikio la dada yule. Moja, moja, kwa mwendo wa mwiko. Dada akazirudia kwenye simu, na kila alipotamka moja kwa sauti Yusta alifumba macho kama anayechomwa sindano.

"Sawa. Asante," dada aliiambia simu, na mashine ndogo chini ya kaunta ikaanza kunguruma. Dada akavuta karatasi. Chraa.

"Kimbia mama, wanapanda."

Yusta aliipokea kwa mikono miwili. Jina lake lilikuwapo. Akapiga hatua mbili, tatu kuelekea mlangoni, akasita, akarudi mpaka kaunta.

"Zile herufi," alinong'ona, "usimwambie mtu, mwanangu."