Namba ya Tawi Iliyokuwa Kwenye Kioo

Mpaka leo nikiona dirisha la benki, damu inanichemka.

Mama alikuwa anaumwa mguu. Hospitali ilishampangia upasuaji siku ya Ijumaa, na hela ya matibabu ilikuwa yake mwenyewe, aliiweka miaka ile akiuza vitunguu swaumu Mbulu, kabla sijamleta kwangu Gitting. Jumatano nikampeleka benki Katesh. Kijana wa dirishani hata shikamoo hakumpa. Akabonyeza kompyuta yake, akasema akaunti imelala, haijaguswa muda mrefu.

"Hizi tarakimu tatu za mwanzo ni za tawi la Mbulu," akasema. "Akaunti iliyolala inaamshwa kwenye tawi lake. Mpeleke huko."

"Na mguu huu?"

"Ndiyo utaratibu."

Utaratibu! Khaa! Mama hajui kusoma, ila tarakimu anazijua. Alikuwa akiandika uzito wa magunia yake kwa mkaa. Akanivuta shati. "Mwanangu, hizo tarakimu zangu tatu si zile pale?" Akanyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye kioo. Mimi, msomi wa ukoo, nikamkatiza: "Mama, ngoja kwanza, tunaongea mambo ya maana."

Tukaenda. Basi likapanda mlima wa Dareda, mama kanyoosha mguu, kila shimo anauma meno. Tulipofika Mbulu kiatu hakimwingii tena. Na benki je? Jamani, benki ilishakuwa duka la mabati! Muuza mabati akatuambia tawi lilifungwa, akaunti zake zote zikahamishiwa Katesh. Katesh! Kule kule tulikotoka!

Alhamisi niliingia benki Katesh na mama, nikiwa nimejiandaa kumvua nguo yule kijana mbele ya foleni nzima. "Wewe hujui hata namba ya ofisi yako?" nikapaza sauti. Akageuka, akaisoma ile karatasi ya kwenye kioo. Namba za tawi zilikuwa mbili: ya Katesh na, chini yake, ile ya Mbulu. Akainamisha kichwa, akaamsha akaunti. Haikuchukua hata dakika kumi.

Mimi bado nafoka. Mama akanishika mkono, kiatu kimoja kiko kwapani. Hakumtazama kijana. Alinitazama mimi.

"Huyu hakuna aliyemwambia," akasema. "Wewe nilikuambia."