Nyumba Zenye Dari Moja

Tulihama ghorofa la mtaa wa Downsview kwa sababu mama yangu alichoshwa na lifti inayoharibika kila mara. Tukapanga nyumba ya safu, ya zamani, katikati ya Toronto: msingi wa mawe, kuta za matofali mekundu, imebanwa na nyingine kushoto na kulia. Wajenzi walitoka Uingereza, wakajenga kama kwao: nyembamba, ndefu kwenda nyuma, ngazi kali, chumba cha kati hakina hata dirisha.

Sikutulia humo. Ukuta mmoja tuliuchangia na bibi mjane aliyeishi peke yake, na sauti zake zilipenya kwenye dohani iliyozibwa: kikohozi, redio, kijiko kikombeni. Nikawa mtu wa kuzunguka chumba hadi chumba.

"Mwanangu, kaa basi," mama alisema. "Unanitia kizunguzungu."

Asubuhi moja ya theluji nikasikia kishindo upande wa bibi, kisha sauti yake dhaifu ikiita. Nikakimbia nje, nikagonga mlango wake, umefungwa. Nikapiga simu ya dharura. Wakasema wanakuja, ila barabara ni mbaya.

Hapo nikakumbuka maneno ya fundi aliyeziba paa letu lilipovuja: nyumba hizi dari yake ni moja, ukuta unaozitenganisha haukupandishwa hadi paani. Nikasimamisha ngazi ya kukunja chini ya tundu la dari.

"Unakwenda wapi na gauni?" mama akauliza.

"Kwa jirani."

Nikatambaa juu ya boriti, masizi mdomoni, nikiogopa kukanyaga pasipo mbao nikamtumbukia mtu chumbani. Nikafika kwenye mfuniko wa tundu la dari ya bibi, nikaung'oa, nikaning'inia, nikaangukia zulia.

Alikuwa amelala chini ya ngazi, mguu umegeuka vibaya. Akanitazama nilivyo mweusi wa masizi.

"Umepitia wapi?"

"Juu."

"Miaka yote hii, sikujua panapitika!" Akacheka, kisha akalia kwa maumivu. Nikamfunika blanketi, nikafungua mlango, nikamshika mkono hadi gari la wagonjwa lilipofika.

Alirudi theluji ikiwa imeyeyuka, anatembelea mkongojo. Mwenye nyumba, aliposikia habari, alileta mafundi wakajenga ukuta darini, moto usije ukapita nilikopita mimi. Bibi akanipa ufunguo wake. Badala ya kunituliza, umenizidishia wasiwasi: siwezi kwenda kazini bila kubonyeza kengele yake.

"Mzima!" hunijibu kupitia tundu la barua mlangoni. "Nenda, basi litakuacha."